Sura ya Nne: Kuku wa Mtoto

“Wangapi?”

“Kumi na saba.”

“Jana walikuwa wangapi?”

“Kumi na saba, Bibi.”

“Ni walewale?”

Hapo nilikwama. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama mlangoni mwa banda la kuku katika kijiji kimoja cha Iramba, mkoani Singida, giza likianza kuingia. Saa hizo kuku wameshapanda juu ya fito zao, kwa sababu gizani hawaoni vizuri na wao wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana hata mwizi wa kuku huja usiku. Nilikuwa nimehesabu vichwa kwa kidole, mara mbili, na idadi ilitimia.

“Mume wangu,” alisema bibi, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kiume, “umewahesabu. Hukuwatazama.”

Akaingia mwenyewe, akainama, akatoka na pora mwekundu ambaye hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani. Alifuata matetea jioni akasahau kwao. Maana yake mmoja wetu hakuwamo. Mimi nikiwa bado napanga sura zao kichwani, bibi alishajua ni nani: kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akichelewa kurudi. Asubuhi tulimkuta nyuma ya rundo la mabua ya alizeti, amelalia mayai kumi na moja ambayo hakuna aliyejua kwamba yametagwa.

Waswahili husema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli kabisa. Kifaranga wa siku mbili anachakura kabla hata hajajua anatafuta nini. Mwana wa mtu ndiye hana bahati hiyo. Yeye hufunzwa kila kitu, hata kutazama. Na katika nyumba nyingi za vijijini somo hilo la kutazama huanzia kwa kuku.

Kwa nini kuku? Ng'ombe ana wenyewe: baba, wajomba, mahari, mnada. Mbuzi hupewa kijana mwenye mbio za kutosha kuwawahi kabla hawajaingia shamba la mtu. Kuku hubaki kwa bibi na watoto, na hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua hivyo. Mpango huu una akili kuliko unavyoonekana. Ng'ombe akifa kwa uzembe wa mtoto, nyumba nzima inayumba, na mtoto anatwishwa lawama ambayo mabega yake hayaiwezi. Kifaranga akichukuliwa na mwewe, inauma, lakini ugali wa jioni utasongwa kama kawaida. Kosa linabaki na ukubwa wa mtoto mwenyewe. Sijui mali nyingine ya nyumbani ambayo mtu mzima anaweza kumwachia mtoto wa miaka saba akosee nayo, alie, kisha kesho aamke aendelee.

Kazi zenyewe hazina maringo. Kufungua banda alfajiri, kubadilisha maji, kumwaga pumba na mashudu ya alizeti, kufagia kinyesi na kukipeleka kwenye tuta la mchicha, kunawa mikono kwa sabuni. Hilo la mwisho mtu mzima alisimamie mwenyewe, kwa sababu kuku mwenye afya njema anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na mtoto mdogo hula kwa mkono uleule uliokuwa unambembeleza kifaranga.

Kazi niliyoipenda mimi ni ya mchwa. Jioni tulijaza chungu kilichotoboka mabua yaliyoloweshwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, tukakifudikiza juu ya njia ya mchwa. Asubuhi ukikiinua kimejaa, na vifaranga wanakukimbilia kabla hujafika nacho uani. Lakini kuna masharti. Ukichelewa jua likapanda, mchwa wameshashuka. Ukiweka palepale siku tatu mfululizo, siku ya nne unaambulia udongo. Ukifudikiza mahali pasipo na njia yao, hata uloweshe mabua namna gani, hupati kitu. Hakuna aliyeniambia masharti haya. Niliyajua kwa kurudi nyumbani mikono mitupu, huku vifaranga wakinizunguka miguuni.

Turudi kwenye kutazama. Mtoto aliyeambiwa “angalia kuku” kwanza haoni kitu, anaona kuku. Baada ya mwezi anaona mkia ulioshuka. Anaona mbawa zilizolegea, upanga wa kichwani uliopauka, kuku mmoja aliyesimama kando wenzake wakila. Anaona kinyesi, samahani kwa msomaji anayekula: cha kijani, cheupe, chenye damu, na kila kimoja kina habari yake. Anajua mlio wa kutaga ni tofauti na mlio wa kuona nyoka, na mlio wa mwewe ni tofauti na yote miwili, kwa sababu ule wa mwewe hukata ghafla na uani hubaki kimya.

Kutazama kwa namna hiyo kuliwahi kumfikisha mtoto mmoja mbali. Thorleif Schjelderup-Ebbe alizaliwa Norwei mwaka 1894, na tangu akiwa na miaka 10 alikuwa akiandika habari za kuku wake: nani anamdonoa nani, na nani akidonolewa hajibu. Mwaka 1921 kumbukumbu hizo za utotoni zilikuwa sehemu ya tasnifu yake ya udaktari, na wataalamu wakapata jina la jambo ambalo kila mtoto wa kijijini ameliona kwenye bakuli la pumba: kuku wana ngazi yao. Wa juu humdonoa wa chini, na wa chini husogea. Tena aligundua kwamba ngazi hiyo haiendi sawa siku zote. Huyu anaweza kumtisha yule, yule akamtisha wa tatu, na wa tatu akarudi kumtisha wa kwanza.

Niliposoma hilo nikiwa mtu mzima nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kwetu tulikuwa na tetea mweusi aliyemfukuza kishingo kila alipomwona, kishingo akamfukuza kuchi, yule mrefu mwenye miguu kama ya mwanajeshi, na kuchi akamfukuza mweusi. Nilikuwa nimeliona jambo lilelile. Sikuwa na daftari tu, na hakuna aliyeniuliza.

Ngazi hiyo ndiyo iliyonifunza jinsi ya kumpokea mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwetu kamba ilikuwa kamba kweli: kuku aliyenunuliwa alifungwa siku kadhaa karibu na banda mpaka azoee kwamba hapa ndipo kwao. Akiwa amefungwa, wenyeji walikuja mmoja mmoja kumdonoa. Mara ya kwanza nilichukua fimbo nikawatandika. Bibi alinipokonya ile fimbo.

“Kesho ukiwa shule, nani atamtetea?”

Akaniagiza bakuli la pili la chakula, niliweke mbali na la kwanza. Wenyeji hawawezi kulinda mabakuli mawili kwa wakati mmoja. Siku ya tatu mgeni alikuwa anakula.

Mayai ya kishingo yalituletea swali lingine, na hili lilikuwa la pesa. Mayai kumi na moja yakipelekwa gengeni leo, kuna daftari, kalamu na chumvi. Yakiachwa, huenda kukawa na vifaranga kumi na moja, ambao huenda wakawa kuku. Mtoto anayeulizwa jambo hili kwa dhati, si kwa kutaniwa, anakutana na uchumi wote siku hiyohiyo: cha leo na cha kesho, hakika na bahati. Tuliyaacha. Nilitia kila yai alama ya mkaa, ili tetea mwingine akija kutaga humohumo tulijue yai lake tulitoe. Kisha nikaanza kusubiri siku 21.

Kwa mtoto, siku 21 ni umri. Siku ya saba bibi alinionyesha ndani ya yai kwa tochi ya betri mbili, usiku, ameziba mwanga kwa kiganja: mishipa myekundu, myembamba, imetawanyika kama mizizi ya mche wa nyanya, na katikati doa linalotikisika. Mayai mawili hayakuwa na kitu, yakatolewa. Siku ya ishirini niliyasikia yakilia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kifaranga hulia akiwa bado ndani.

Sasa nifike mahali ambapo hata leo napapita kwa haraka. Siku ya 21 mmoja alikuwa ametoboa ganda kwa kile kijino kidogo cha juu ya mdomo, ambacho hudondoka siku chache baadaye, kisha akatulia. Saa nzima hakusogea. Wenzake watatu walishatoka, wamelowa. Nikaona anateseka, nikamsaidia. Nilibandua ganda kipande kwa kipande, polepole, kwa kucha, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha. Chini ya ganda kuna utando, na utando una damu mpaka kifaranga mwenyewe amalize kuivuta mwilini. Ule utulivu wake ulikuwa kazi. Mimi nilidhani ni kushindwa. Alitoka akiwa na damu tumboni. Nilimlisha chembe za ugali, ambazo hakuzihitaji, kwa sababu kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayomtosha siku mbili. Alikufa kabla ya magharibi.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu nilimwona akifanya nini kabla sijamgusa. Nikasema alikuwa amelala. “Ulijuaje kama amelala?” Sikuwa na jibu, na hakulidai.

Wanane walibaki. Miezi miwili baadaye walikuwa watatu: mwewe, kicheche, mvua moja ya usiku. Kwa kuku wa kienyeji wanaoachiwa wajitafutie, kupoteza zaidi ya nusu ya vifaranga katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida, na nimesikia watu wa mjini wakilisema hilo kama ushahidi kwamba kufuga hivyo ni kupoteza muda. Huenda kwa hesabu ya mfuko ni kweli. Lakini mtoto hapo hajifunzi kuzoea vifo tu. Anajifunza kupambanua kifo kinachozuilika na kisichozuilika. Kwa mwewe kuna dawa: tenga kubwa, vifaranga wakae chini yake na mama yao kwa wiki za mwanzo. Kwa mvua kuna dawa: nyasi za paa.

Kwa mdondo, ukishaingia, hakuna dawa. Wakenya huuita kideri, na wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, ulikotambuliwa miaka ya 1920. Ulitufikia kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tatu. Kuku walisinzia mchana. Kinyesi kikawa cha kijani. Wengine shingo zilijipinda wakawa wanatazama mgongo wao wenyewe. Bibi, ambaye hakushindwa na kitu, alitwanga shubiri, akatwanga pilipili, akatia kwenye maji, na kila asubuhi tulibeba waliokufa kwenda kuwafukia. Wiki moja haikuisha, tukabaki na watatu. Shubiri ina kazi zake, siidharau, lakini kirusi cha mdondo hakiisikii, na kila anayemwambia mfugaji vinginevyo anamchelewesha.

Kinachosaidia ni chanjo kabla. Iliyoenea vijijini ni ile iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa kufikiria vijiji visivyo na friji, kwa sababu huvumilia joto kuliko nyingine za aina yake. Tone moja katika jicho moja, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Ni kazi ya dakika moja kwa kuku. Ugumu uko kwingine. Kichupa kimoja kina matone ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakisubiri wiki ijayo. Kwa hiyo majirani sharti wakubaliane siku, wachange fedha, waamke pamoja kabla kuku hawajafunguliwa. Na siku hiyo ndipo utakapoona nani ana elimu kijijini. Mtaalamu ana chupa. Mtoto ndiye anayejua yule jogoo mwenye madoa halali bandani bali juu ya mwembe, na tetea wa kina fulani hulala jikoni nyuma ya kuni. Bila watoto, nusu ya kuku hukosa tone.

Halafu huja sehemu ngumu kwa mtoto: miezi inapita na hakuna kinachotokea. Umefanya kazi, na malipo yake ni kwamba hukuona kitu. Nimewaona watu wazima wenye shahada walioshindwa kuelewa malipo ya namna hiyo.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 aliandika kwamba shule ziwe na mashamba na kazi zake, na akasisitiza kwamba wanafunzi washirikishwe katika kuamua na wayaone matokeo ya maamuzi yao. Shule niliyosoma ilikuwa na mradi wa kuku. Tulibeba maji, tukafagia banda, tukarudi darasani. Mayai yalikwenda tusikokujua. Aliyechelewa namba aliadhibiwa kwa kufagia banda, na hapo kuku akageuka kuwa adhabu. Vifaranga walipoanza kuhara damu, sisi wafagiaji tulikiona kile kinyesi kwa siku mbili, na hakuna aliyesema, maana hakuwa kuku wa mtu. Watoto walewale, nyumbani kwao, wangekimbia kumwita mama. Nusu ya kwanza ya maneno ya Mwalimu ilitekelezwa, ya kuamua ikaachwa, na mradi ukafa na kuku wake.

Ndiyo sababu simwamini mzazi anayeniambia amemfundisha mwanawe kazi kwa kumpa kuku awalishe. Namuuliza: ni wa nani?

Baada ya ule mdondo, bibi alinipa binti mmoja wa kishingo, aliyenusurika. Hakusema “utamtunza”. Alisema “ni wako”, mbele ya baba, nami nikamfunga kitambaa chekundu mguuni. Kwa mara ya kwanza maishani niliamka kabla ya kuamshwa. Nilijua anakotaga. Nilikwisha kupiga hesabu mpaka mbuzi: vifaranga wangapi, wangapi wafe, wangapi niuze, mbuzi jike ni kiasi gani mnadani. Hesabu ya kugawanya niliipata kwa kuku yule, si ubaoni.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta wageni wa baba wamekaa chini ya mti, na harufu ya mchuzi imejaa uani. Kile kitambaa chekundu kilikuwa kwenye majivu kando ya mafiga.

Bibi hakuwapo siku ile, aliporudi aliuliza. Baba hakuwa mtu mbaya, na wageni walikuwa wa heshima, na kumnyima mgeni kuku kwetu ni aibu. Alijibu kwa utani, akitabasamu: “Kuku ni wa mtoto, lakini mtoto ni wangu.” Watu wakacheka. Ni msemo mzuri. Hata mimi niliona ni mzuri. Bibi alimjibu kwa sauti ya chini, “Umekopa kwa mwanao. Unalipa lini?” Baba alisema mnada ujao. Minada ikapita.

Jioni ile niliingia bandani kama kawaida, nikahesabu kwa kidole. “Tisa,” nikasema. Sikutazama ni akina nani, wala sikutazama kesho yake.

Mimi na binti yangu sasa tunaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, uani padogo, kuta za matofali. Ana miaka tisa, ana kuku watano na daftari. Mwezi uliopita shemeji yangu alipiga simu kwamba yuko stendi, anakuja kulala. Nikatoka uani nikamkuta amechuchumaa anabadilisha maji.

“Mama, nauziwa kuku?”

“Yupi, Baba?”

“Yule mweusi.”

“Huyo hauzwi. Leo ana siku ya kumi na mbili kwenye mayai.”

“Na jogoo?”

Alisimama, akamtazama jogoo kwa muda, akafungua daftari, akalifunga. “Elfu thelathini na tano.”

“Sokoni ni ishirini na tano.”

“Sokoni bado hawajafunga, Baba.”

Nikachukua ufunguo wa pikipiki, nikaenda buchani.